Kilicho Chini ya Ufunguo wa Ramani

Babati,
Jumapili, baada ya misa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Mbinga, na mgongo wako unaendeleaje siku hizi? Mimi ni mzima. Bado niko pale pale steshenari, nachapa kadi za harusi na kula vumbi.

Dada Anna amenitumia kwenye simu picha ya ramani ya viwanja vya Bonga. Anasema umeibandika ukutani karibu na picha ya marehemu Mama, na umeshapata mtu wa kununua shamba la kahawa ili uchukue kiwanja namba kumi na nne, uje uzeekee karibu na mimi. Nililia, Baba. Kisha nikakasirika, na hasira bado ninayo, kwa hiyo nivumilie.

Anayeuza viwanja hivyo ni dalali mmoja wa hapa mjini. Huvaa suti ya kijivu hata jua likiwa la utosi, na watu humwita Mheshimiwa ingawa hajawahi kuchaguliwa hata ukiranja. Huyo hauzi ardhi, anauza karatasi. Hebu itazame. Stendi na kiwanja chako vimekaribiana kama pua na mdomo. Mimi nimetembea kutoka barabara ya Dodoma hadi huko na soli ya kiatu imeachia. Ile shule ya rangi ya waridi ni kichaka. Zahanati imeandikwa “inayotarajiwa” kwa herufi ambazo sisimizi angezitafutia miwani. Na watu wanaikodolea macho utadhani wameshushiwa Injili! Mwalimu mzima alikuja hapa dukani, akaipima kwa rula, akaondoka ameridhika. Alipima nini, wakati haina hata skeli?

Na wewe, Baba, unisamehe. Uliponunua lile shamba la bondeni ulimzungusha mwenye shamba mara mbili, ukataka majirani wa pande zote nne wasimame kila mmoja kwenye mpaka wake na kutaja jina lake. Sasa karatasi ya rangi imekusahaulisha majirani. Mashariki kuna nani? Magharibi je? Hakuna mtu, kuna mishale tu.

Jana nilikwenda kuwatafuta. Nikamkuta Mama Paulo, mkulima wa pale pale, anapalilia maharage kando ya ua wake wa minyaa. Nilipomwonyesha ile picha alicheka mpaka akaketi chini.

“Namba kumi na nne? Hiyo ni njia ya maji, mwanangu. Ni korongo. Masika yaliyopita lilinichukulia mbuzi wawili.”

“Na majirani wake ni akina nani?”

“Mimi upande huu. Huko kwingine, vyura.”

Kwenye ramani yako hulioni korongo kwa sababu juu yake kimewekwa kile kiboksi cheupe cha ufunguo, kinachoeleza barabara ni rangi gani na nyumba ni alama gani. Nusu ya kiwanja chako iko chini yake. Ni kiboksi kizuri, kina mistari miwili pembeni. Nakijua, kwa sababu nilikichora mimi.

Ndiyo, Baba. Mheshimiwa aliniletea mchoro wa mpima ardhi, una korongo lote. Akasema, “Dada Tekla, hapo pamechafuka, weka ufunguo. Korongo mteja ataliona akifika.” Nikacheka naye, nikaweka, nikaongeza na miti. Nilijiambia atakayedanganyika ni mjinga wa watu, si baba yangu. Yule dalali namdharau, lakini siku ile tulikuwa wawili, na mwenye mkono mzuri nilikuwa mimi. Jana nimemwambia simchapii tena. Ameniita mshamba, kazi akaipeleka duka la jirani.

Usiuze shamba. Mama amelala pale. Krismasi nitakuja mwenyewe tuchume kahawa iliyobaki.

Nisalimie Dada Anna, na Shangazi Felista anayekukanda mgongo. Na Mjomba Kosmas katekista, mwambie asiitangaze tena ile ramani kanisani.

Ndani ya bahasha nimekuwekea ramani nyingine, nimeichora kwa mkono. Ina korongo, ina jina la Mama Paulo kwenye mpaka wake. Bandika hiyo. Kiwanja namba kumi na nne nimekipaka bluu. Ufunguo sikuweka, maana bluu ni maji, Baba, hata mtoto anajua.

Mwanao mwenye aibu,
Tekla