Mitokondria Niliyoichora Bila Kuiona

Shikamoo, Mwalimu. Najua hutaitikia, lakini kukuandikia bila salamu nimeshindwa.

Tangu tukuzike Kibakwe, vipindi vyako vya baiolojia hapa Ipagala navifundisha mimi, mwanafunzi wako wa zamani. Maabara ni ile ile. Bomba linatoa maji siku likijisikia. Mchoro wangu wa seli ya kitunguu, ulioubandika ukutani nilipokuwa kidato cha tano, bado upo, na maneno yako ya wino mwekundu: "Huyu ana macho."

Sikuwa nayo. Siku ile kwenye hadubini niliona kuta za seli na kiini, basi. Mitokondria ni ndogo mno kwa hadubini yetu. Nilizinakili kutoka kitabuni, kwa sababu habari zake ulitusimulia vizuri: zamani sana seli moja ilimeza bakteria, ikashindwa kummeng'enya, naye akabaki humo akiitengenezea nguvu. "Mgeni kamezwa, kageuka mpishi wa nyumba," ulisema, ukacheka peke yako. Bila mpishi huyo pasingekuwa na mtama, mbuzi wala sisi. Nilitaka uone kwamba nimeelewa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka kumi na saba.

Juzi binti mmoja alichora kuta na kiini tu, akauliza zile nyingine za ukutani ziko wapi. Nikamwambia aangalie vizuri. Akaangalia tena, kisha akachukua kifutio, akaanza kufuta mchoro wake. Hapo niliona aibu, Mwalimu. Nikamwambia aache. Nikalieleza darasa zima kwamba mchoro ule ni wangu na kwamba sikuziona.

Walicheka sana. Yeye akauliza, basi tunajuaje kama zipo? Nikawaambia wenye hadubini kubwa wameziona, na kwamba hadi leo zina vinasaba vyake zenyewe na hujigawa kama bakteria. Kipindi kikaisha tukiwa bado tunabishana.

Ulipolazwa nilikuja mara tatu na neno hili mdomoni. Mara zote tukaongea habari za mvua. Hilo linaniuma kuliko mchoro wenyewe.

Nakuahidi, kila darasa nitaliambia kipi nimekiona na kipi nimeambiwa. Pumzika, Mwalimu. Yule binti nimempa alama zote.