Uso Wako Kwenye Simu Yangu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti siku hizi linakuacha ulale. Baba naye vipi kikohozi? Mwambie dawa hunywewa mpaka iishe, si mpaka mtu achoke na kijiko. Sisi huku ni wazima. Mkwe wako ameota kitambi na anakataa katakata, eti mashati ya siku hizi yanashonwa madogo. Mjukuu wako amefaulu hesabu, na tangu siku hiyo hakuna anayeweza kukaa naye mezani kwa amani. Anatukosoa sote, mpaka namna tunavyokata mkate.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi, tena ndefu, kutoka kwangu mimi ambaye hata ujumbe wa simu naandika maneno mawili nikachoka. Nimeikunja chini ya kitambaa ndani ya kasha la miwani yako mpya, na mdogo wangu anayekuletea hajui kama imo. Simu yako hapo nyumbani ni ya wote: Baba anasikilizia redio, wajukuu wanachezea michezo, jirani anaomba apige mara moja tu. Na yangu, kama utakavyoona, siiamini tena. Basi vaa hiyo miwani, kaa mahali ulipo peke yako, usome polepole.

Unajua kazi yangu ilivyo. Mteja asiyeona vizuri akivua miwani yake ili ajaribu fremu mpya, kwenye kioo haoni kitu, ukungu mtupu. Ananiuliza amependeza au la, na mimi muuzaji nitasema nini? Si nitasema amependeza! Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Anavaa fremu, nampiga picha kwa simu, anarudisha miwani yake ya zamani, halafu anajitazama mwenyewe. Atacheka au atanuna, lakini ataamua kwa macho yake. Ndiyo maana simu yangu imejaa nyuso za watu, wengine nimewasahau kabisa ni akina nani.

Sasa, miezi kadhaa iliyopita simu ilijisasisha bila hata kuniuliza. Kuifungua, nakuta picha zangu zimepangwa. Si kwa tarehe, Mama, kwa nyuso! Kila mtu na kiduara chake, na chini yake swali: huyu ni nani? Looo! Nani kaiambia? Unanijua nikishikwa na jambo, sikulala nalo. Nilijipiga picha na fremu kubwa, na fremu ndogo, nikajifunga kitambaa, nikatoa ulimi. Kila mara ilinirudisha kwenye kiduara changu. Mkwe wako na kaka yake iliwafanya mtu mmoja, wakanuniana wote wawili. Hata kile kichwa cha plastiki kinachovaa miwani ya jua dirishani nacho kilipewa kiduara, nikaulizwa jina lake. Nilicheka mbavu zikaniuma, nikakiandika Shemeji.

Nawe nilikuandikia jina. Nina picha zako nyingi, pamoja na ile ya zamani niliyoipiga kutoka kwenye albamu yenu nilipokuja mara ya mwisho, umesimama karibu na baiskeli, umevaa gauni la vifungo vikubwa, unamcheka aliyeshika kamera. Simu ilijua kwamba yule msichana na wewe wa leo mwenye mvi ni mmoja. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Chini ya kiduara nikaandika Mama.

Mabishano yalianza siku alipokuja Mwalimu. Huyu ni mstaafu, amefundisha nusu ya mtaa huu, na miwani yake huikalia mara kwa mara, ndiyo maana tunaonana sana. Alikuwa akichagua fremu kwenye simu yangu, akaona uso wake umepangwa katikati ya watu asiowajua, akataka kujua ni nani aliyempanga. Nikamwita Mtaalamu, fundi simu wa mlango wa pili, ambaye jina hilo tulimpa kwa utani naye akalipokea kwa moyo wote. Alieleza kwamba kazi yote inafanyika humo humo ndani ya simu, hakuna picha inayotoka kwenda popote, kwa hiyo hakuna sababu ya kelele. Akaongeza kwamba wapo wenye kampuni wanaotaka kwenda mbele zaidi, simu iwe inakagua picha kabla hujaituma, ili kuwanasa watu wanaosambaza picha za watoto walioumizwa.

Hapo Mwalimu akabadilika. Alisema kama ni hilo basi wakague, waanze na simu yake, kwa sababu aliwahi kuwa na mtoto darasani ambaye laiti mtu angechungulia mapema. Hakumalizia, na sisi hatukumuuliza. Lakini mume wangu, aliyekuwa ameniletea chakula cha mchana, hakukubali. Alisema mtu akiingia chumbani kwako wewe hupo, akafungua kabati, akakunja nguo zako vizuri na asichukue hata soksi, bado ameingia chumbani kwako. Leo anatafuta mhalifu, sawa, nani hataki? Kesho akitaka kutafuta kitu kingine, nani atamwambia atoke, na funguo tumeshampa? Mtaalamu akasema asiyeficha kitu hana cha kuogopa. Mwalimu, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa upande wake, akamuuliza kama naye akienda chooni huacha mlango wazi. Duka zima tuliangua kicheko, na Mtaalamu akakumbuka ghafla kwamba ana kazi kwake.

Waliniuliza mimi niko upande gani. Nilisema sijui, na kweli nilikuwa sijui. Maneno ya mume wangu yalinigusa, na ya Mwalimu yalinigusa zaidi. Na tena, Mama, nilikuwa na hamu tu ya kujua hiyo simu inaona nini ambacho mimi sikioni.

Yupo mteja wangu mmoja, mpima ardhi. Ni mwanamke mrefu, amenizidi miaka michache, ana buti zenye vumbi na kicheko cha haraka. Jicho la kushoto ndilo linalomsumbua akichungulia kwenye kile chombo chao cha miguu mitatu. Alikuja akajaribu fremu, akaondoka bila kununua. Akaja tena. Ni mtu wa maneno matamu. Aliniuliza nimezaliwa wapi, wazazi kama wapo, tuko wangapi, na mimi kama kawaida yangu nikamwaga yote, mpaka habari za goti lako. Jioni napitia picha, namkuta ndani ya kiduara chako.

Nilicheka, nikamtoa. Alipokuja tena nikampiga picha na fremu nyembamba, akaiagiza, nami nikampima macho. Simu ikamrudisha kwako, na safari hii ikaniuliza kabisa: huyu na huyu ni mtu mmoja? Ilikuwa imeziweka picha mbili bega kwa bega, yake na ile ya baiskeli. Mama, kicheko kilinikauka.

Nilimwonyesha mume wangu. Alitazama, akatazama tena, akaniomba nifute, akasema hayo si yetu. Nilimjibu kwamba watu hufanana, kila siku nawapima watu macho na naona wanaofanana wasio na undugu wowote. Lakini nikuambie ukweli: alipoondoka nilitafuta vipimo vyako nikavilinganisha na vyake. Nafasi kati ya mboni na mboni ni ile ile, na jicho la kushoto lina kasoro ile ile. Hilo si ushahidi, watu chungu nzima wako hivyo. Ila nilijiona nimesimama pale dukani, mimi niliyezoea kuitwa kifungua mimba wako, nakuchunguza wewe uliyenizaa bila wewe kujua, na ndipo nikaelewa kwamba mwenye kufungua kabati la mtu sasa ni mimi. Niliona aibu. Nilitaka kumpigia mama mdogo nimdodose, nikairudisha simu mfukoni.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Alhamisi alikuja kuchukua miwani yake. Aliivaa, nikahakikisha imekaa sawa masikioni, akafurahi. Akataka kuiona tena fremu nyingine aliyokuwa akiifikiria, nami nikafungua simu mbele yake, kwa haraka zangu unazozijua, nikabonyeza pasipo penyewe. Kikafunguka kiduara chako. Wewe na baiskeli yako, naye kando yako, na juu yenu neno Mama.

Niliifunika simu kwa kiganja.

Hakuuliza ile picha ni ya nani. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua miwani, akaishika tu mikononi. Kisha akaniambia kwamba hakuja dukani kwangu kutafuta miwani. Anayo nyingine nzuri tu, iko kwenye gari. Mama aliyemlea, kabla ya kufariki, alimtajia jina lako na mji uliokuwa ukiishi ulipokuwa msichana. Alikwenda akaulizia, akaambiwa uliolewa ukahama, lakini una binti anayeuza miwani mtaa huu. Basi akaja kuutazama uso wangu, aone kama atajiona. Hakujiona hata kidogo, alisema, na nilijua kwa nini, kwa sababu mimi nimetoka kwa Baba mtupu. Akaanza kujiambia labda alidanganywa, labda yule mama maumivu yalimchanganya, ila miguu ilikuwa ikimrudisha dukani. Wewe alikuwa hajawahi kukuona, hata kwenye picha. Alikuona pale, kwa muda ule mfupi, halafu mimi nikakufunika.

Nimefunika uso wako mbele ya mwanao, Mama. Tangu Alhamisi sifikirii kitu kingine.

Hakunilaumu. Hakusema anataka kukutana nawe, wala hakuuliza ilikuwaje mpaka ikawa vile. Alisema naye ana mabinti wa umri uliokuwa nao kwenye picha ile, na akiwatazama anaelewa mambo mengi bila kuelezwa. Aliomba kitu kimoja tu, ile picha ya baiskeli. Nimtumie, alisema, ni kubonyeza mara moja.

Nami nilimkatalia. Nililia huku namkatalia, na mteja aliyekuwa anaingia akaishia mlangoni, akarudi alikotoka. Nilimwambia uso huo ni wako, na kwenye habari hii yote kila mtu amekutazama bila wewe kuulizwa: simu imekutazama, waliotengeneza simu, mimi, mume wangu. Nilimwambia siwezi kuongeza mwingine, hata kama mwingine huyo ana haki kuliko sisi wote, mpaka nikuulize mwenyewe. Aliiweka miwani juu ya kaunta, akasema kwamba kukuuliza ni jambo zuri, maana angalau utajua kwamba yupo. Akatoka, akaisahau pale pale. Nimempigia, amesema ataifuata Jumatatu.

Basi nakuuliza. Kama simu imekosea na yule mama aliyemlea naye alikosea, niambie, nami nitamwambia yeye kwa upole. Kama hawakukosea, huna deni la kunieleza chochote, si leo wala siku nyingine. Mimi ni mtoto wako, si hakimu wako. Baba hajui, na kutoka kwangu hatajua. Hilo ni lako na uamuzi ni wako. Mume wangu anajua kile alichokiona tu, na amefunga mdomo. Wewe nipigie kwa simu hiyo hiyo, hata kama sebule imejaa watu, useme neno moja: mpe, au usimpe. Hakuna atakayeelewa. Ukisema usimpe, nitamwambia hivyo na sitakuuliza kwa nini.

Lakini sitajifanya sina ninachokitaka. Natamani useme mpe. Mimi uso wako nimeutazama tangu siku ya kwanza ya maisha yangu, nilipotaka na nisipotaka, ukicheka, ukinigombeza, ukisinzia kwenye kiti, mpaka nikafika mahali pa kuuzoea na kutoutazama kabisa. Yeye amepewa muda wa kupepesa jicho.

Nisalimie Baba, mwambie namwombea kifua chake. Wasalimie majirani na wale wajukuu watundu, na goti lako ulikande kwa maji ya moto kila asubuhi, usingoje likukumbushe. Miwani ikikubana pua nirudishie, nitairekebisha. Mwenyezi Mungu akuweke, Mama. Chochote utakachosema, nakupenda vile vile.

Ni mimi,
mwanao.