Karatasi ya Asidi Safi

Bertrams, Johannesburg
6 Machi 2017

Papa mpendwa,

Natumaini mguu wako umepoa na Mama anakula vizuri. Mimi mzima, ila roho inachemka.

Unajua kazi yetu. Kiwanda cha jirani kinatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, sisi tunainasa kwenye maji inakuwa asidi, kisha tunaichuja kwa mkaa ili iache mafuta yenye sumu. Mkaa umechoka tangu Januari na msimamizi hataki kununua mwingine. Asidi inanuka kama dawa ya nondo, nayo inakwenda kugeuza wanga kuwa sharubati ya peremende za watoto. Mimi wa maabara nimeshaandika "safi" na kusaini, mara mbili. Kibali changu cha kazi kiko mikononi mwake. Mwisho wa mwezi kuna mzigo wa tatu.

Binti yako,
Murielle

Likasi
17 Machi 2017

Murielle,

Mguu unauma, Mama anakula. Salamu zimetosha.

Barua yako imenitia aibu. Mimi mtu wa asidi nilikufundisha kupungia harufu puani kwa kiganja ukiwa na miaka kumi, ili leo unuse sumu na kuiita safi? Ukisaini tena, usiniite papa.

Papa wako, kwa sasa

Berea, Johannesburg
30 Machi 2017

Papa,

Leo sikuulizi hali, nimekasirika. Mama ameniambia kwa simu kwamba barua yako uliwasomea wote nyumbani kabla ya kuituma. Akaniambia na lingine. Karatasi iliyosema tangi la asidi la kiwandani kwenu limekaguliwa, wiki ile asidi ilipomwondolea jicho mwenzako Papa Évariste, ilikuwa na saini ya nani? Unisamehe, lakini nyani haoni kundule.

Mzigo wa tatu sikuusaini. Ulipotumwa hivyo hivyo nilimpigia mnunuzi mwenyewe, lori likarudishwa, nami nikafukuzwa. Sasa nimehamia kwa rafiki yangu Angélique, nasuka nywele saluni kwake. Sikufanya hivyo kwa ajili yako.

Murielle

Likasi
21 Agosti 2017

Mwanangu,

Samahani kwa kimya changu. Mguu ni ule ule.

Saini ilikuwa yangu. Tangi sikulikagua, mkubwa alisema kuna haraka, nami nilikuwa na watoto wanne. Miaka yote hii Évariste ananiwekea kiti kanisani, upande wa jicho lake zima, ili anione. Hasira niliyokutukania ilikuwa dhidi yangu mwenyewe. Nilikutupia wewe kwa sababu uko mbali.

Jumapili ya tarehe 13 nilimwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akaondoka.

Jana kiti hakikuwepo. Nilisali nikiwa nimesimama, na mguu huu.

Papa wako, ukikubali