Kioo Juu ya Ufa

Jumatatu, 8 Julai

Watu wa reli ya chini ya ardhi wamekuja tena. Safari hii wamebandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa wa chumbani kwa Mama mkwe, pale kona ya dirisha – plasta huku, plasta huku, namba kwa wino mwekundu. Atakayekuwa anakuja kukiangalia anaitwa Lohit Barman. Mtu wa makamo, mpole, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kanieleza kama mtu anayeeleza dawa. Nyumba ikisogea hata kidogo, kioo kitapasuka. Kikipasuka tunahamishiwa hoteli siku hiyohiyo, na mashine ya kuchimba handaki inasimamishwa huko chini. Kisipopasuka tunabaki, nayo inapita chini yetu.

Nikamuuliza, na ufa wenyewe tusiuzibe?

"Usiuguse kabisa, shemeji."

Usipoziba ufa utajenga ukuta – ndivyo tulivyofundishwa sote. Siku hizi ukiziba ufa unashtakiwa. Haya.

Kichochoroni mashine wameshaibatiza Bi Harusi. Inafungiwa barabara, inapigiwa kelele, kila mtu anaisubiri, na kila siku inachelewa.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza yote kitandani, macho kayafumba. Daktari alishasema figo zimechoka, ni suala la wiki chache. Yeye mwenyewe anajua. Anataka jambo moja tu: afie humu ndani, ashushwe uani, alazwe kando ya mrehani wa ibada kama alivyolazwa baba mkwe. Kisha ndiyo wampeleke mtoni kumchoma. Leo kaninyakua mkono. Kaniapisha. Nimeapa. Dipankar, mwanawe wa kumzaa, mume wangu, alisimama palepale akaangalia feni.

Jumatano, 10 Julai

Namba kumi na nne, kioo kimepasuka! Nyumba yao na yetu zimeegemeana, ukuta ni mmoja. Jirani yangu Purnima kahamishwa na mapacha wake mvua ikinyesha, ndoo kichwani, vitabu vya watoto ndani ya ndoo. Mume wake yuko Dubai, simu haishikiki. Wanasema watapiga saruji chini ya nyumba yao mpaka itulie.

Na habari nyingine mbaya. Mzee Haldar wa namba tisa, aliyehamishwa mwezi uliopita, amefia hotelini. Wenye hoteli hawakutaka wageni waone maiti. Wakamshusha kwa lifti ya mizigo pamoja na mashuka machafu. Msichana wa kazi kamsimulia Mama yote, mpaka mashuka. Ningemchapa. Mama hakula chochote jioni.

Jumamosi, 13 Julai

Kimepasuka.

Nimekiona asubuhi nikifuta vumbi. Mstari mmoja, mwembamba, toka juu mpaka chini. Mama alikuwa usingizini. Nilisimama na kitambaa mkononi, nikifikiria lifti ya mizigo.

Ninafundisha baiolojia. Kabatini kwetu maabara kuna visanduku vya vioo vya hadubini, vile ambavyo wanafunzi wanawekea ngozi ya kitunguu. Unene uleule. Plasta pia ipo, ya kutengenezea mifano ya moyo. Jumamosi shule ni nusu siku. Lohit huja alasiri. Nikatoka shule na kioo ndani ya kisanduku cha chakula, chini ya roti.

Nimekibandua cha zamani, nimebandika changu, nimeiga namba kwa wino mwekundu. Cha zamani nimekitupa jalani sokoni, mbali na hapa. Namba imetoka sawasawa na yao. Hilo ndilo linaloniudhi.

Lohit kaja, kainama, kapiga picha, kanywa chai.

Ni wiki chache tu. Huyu mama alinilea nilipokuja humu ndani sijui hata kupika wali.

Alhamisi, 18 Julai

Cha pili nacho kimepasuka juzi. Nimebadilisha. Kisanduku cha maabara kinapungua. Mwalimu mkuu kauliza. Nimesema ni darasa la tisa, mikono yao ni ya kuvunjavunja. Wasichana wamepewa adhabu ya kufagia maabara. Wamefagia mbele yangu, na mmoja kanisabahi vizuri tu.

Lohit leo: "Kioo chako kinang'aa kuliko vya wenzio, shemeji."

"Mimi hufuta vumbi."

Kacheka. Kaniambia wengine ni kinyume changu. Namba saba wamekipiga chao kwa kisukumio cha chapati wapelekwe hoteli, wakakae kwenye baridi ya kiyoyozi na kuletewa chakula chumbani. Bosi wake siku hizi haamini kioo kilichopasuka. Kila mpasuko anauliza nani kapiga. "Heri nyumba kama hii," kasema. "Watu watulivu."

Nilimwongezea biskuti. Nilitaka aondoke.

Jumanne, 23 Julai

Mama kakaa kitako! Kaagiza hilsa kwa haradali. Kafoka kwamba jikoni kwangu haradali huwa chungu, nisagie na chumvi kidogo na pilipili mbichi. Kala samaki, kalamba miiba, kaniambia bado sijui kupika. Daktari kashangaa. Kasema kuna wagonjwa wa hivi, huweza kwenda miezi, hata mwaka.

Nilitoka nje nikalia. Dipankar alidhani ni furaha. Nusu ilikuwa furaha. Nusu ilikuwa hasira, na naiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nilikuwa nimejikatia wiki mbili za udanganyifu. Si mwaka.

Ufa sasa unaingia kucha ya kidole gumba. Mlango wa chumba cha Mama haufungi tena, unakwama juu.

Usiku Dipankar kasimama mbele ya kioo. Kakigonga taratibu kwa kucha. Kaniangalia. Kisha kaenda kuoga. Ndivyo alivyo. Akijua jambo, huenda kuoga.

Ijumaa, 26 Julai

Purnima karudi.

Nilimkuta mlangoni na sahani ya vitamu vya sandesh, mapacha nyuma yake wakigombea mwavuli. Kaniinamia miguuni kabla sijamzuia.

"Nyumba yenu ndiyo imeturudisha, dada Kuntala. Wamesema kwetu wamepiga saruji, na kioo chenu hakijatikisika hata siku moja. Ukuta si ni mmoja? Basi wakasema rudini."

Nikauliza watoto watalala wapi.

"Palepale pao, ukutani. Kuna ubaridi. Hoteli ile dada, madirisha hayafunguki, Tutul alikuwa anakohoa kila siku."

Tutul na Bubla. Wana miaka sita. Ukutani maana yake ni upande wa pili wa ufa.

Bi Harusi anapita Jumapili, kasema. Wametangaza. Kisha stesheni itafunguliwa kabla ya sikukuu ya Durga Puja, nao wasichana wa shule watakuja kwa dakika chache badala ya kunyeshewa njiani. Alifurahi kwa ajili ya wasichana wangu. Alinilisha sandesh kwa mkono wake. Nilimeza.

Jioni kioo cha tatu kimepasuka. Nimeweka cha nne. Kwa nini nimeweka? Mikono ilishazoea. Nimekaa chini baada ya hapo, nikajiambia basi, Kuntala. Kesho unakwenda kusema.

Jumamosi, 27 Julai

Nimekwenda. Ofisi yao imo stesheni, ile mpya inayovishwa marumaru. Ngazi za umeme bado zimefunikwa nailoni. Lohit alikuwepo, na bosi wake, Bwana Chaliha, mtu wa shati lililopigwa pasi.

Nikasema yote. Nikamwaga mezani vipande vya vile viwili vya kati, nilivyovificha kwenye leso.

Bwana Chaliha akavigeuza kwa kalamu. "Hivi ni vya hadubini. Si vyetu."

Nikamwambia ndiyo, hilo ndilo ninalosema.

"Chetu kiko wapi?"

Jalani, wiki mbili zilizopita.

Akafungua picha. Siku moja baada ya nyingine, kioo kizima. Mpaka jana alasiri kioo kizima. Vipimo vingine vyote, kasema, havijavuka mpaka. Kisha akanionea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniumiza. Mwalimu, kasema, jirani yako kakaa hotelini wiki mbili, kala bure, karudi na hadithi. Naelewa. Lakini kuvunja vioo vya shule ili na wewe uhamishwe, hapana. Mwanamke msomi.

Nikapiga kelele. Nikasema njoo uone mlango haufungi! Kasema ni msimu wa mvua, milango yote ya Kolkata haifungi.

Lohit alikuwa anaangalia viatu vyake. Alijua. Toka siku ile ya kung'aa alijua, nina hakika. Mashine ikisimama siku moja, wa kwanza kuulizwa ni anayepita kuangalia vioo.

Nikaenda kwa Purnima. Nilimwambia tukiwa tumesimama, jikoni kwake. Alizima jiko. Hakunitukana. Alianza kukunja nguo za watoto. Nikamsaidia, akanipokonya shati mkononi, akaanza kulikunja upya.

Jumapili, 28 Julai

Asubuhi. Purnima yuko kichochoroni chini ya mwavuli, mapacha kawakumbatia. Nimezunguka nyumba zote za karibu. Namba kumi wametoka. Namba kumi na sita wamecheka: mwalimu anataka hoteli.

Dipankar kaenda kutafuta machela na watu wawili. Kwa mara ya kwanza nimemwona akikimbia.

Nimemwambia Mama inabidi tutoke. Tukakae kwa wifi, si hoteli. Siku mbili, tatu. Kashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Nguvu kazipata wapi sijui. Nikavuta kidole kimoja, akarudisha.

Nikamwambia ukweli. Kioo kile ni cha kwangu, Mama. Vilipasuka vitatu. Nimedanganya kila siku.

Kakigeukia. Kimetulia pale ukutani, safi, bila alama. Kisha kanigeukia mimi. Hakukasirika, na ningependa akasirike.

"Kila asubuhi umeniambia kizima, Mama, lala. Leo kizima nakiona kwa macho yangu, unaniambia kimepasuka." Kashusha pumzi. "Umechoka kunitunza, mkwe wangu. Sema hivyo. Sitakulaumu. Lakini usinitungie uongo ili unitoe kwangu."

Nimekaa chini, mgongo kwenye kitanda chake, naandika kwa sababu mikono haina kazi nyingine. Dipankar bado. Purnima ananiita toka chini, ananiita kwa jina, shuka, dada, shuka. Nimezima feni nisikie vizuri. Maji ndani ya bilauri ya Mama yameanza kucheza.

Mama ananiuliza kama nimewasha kitu.