Figa la Tatu

Jumamosi, 26 Julai. Kwaluguru, nyumbani kwa jirani. Magharibi imeingia.

Siku imekuwa ya ubaridi, mawingu mazito yasiyoleta mvua, upepo umekata kabisa. Naandika mambo kwa mpangilio yalivyotokea. Mpangilio ndio unaonituliza.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mama aliniita jikoni. Figa moja lilikuwa limepasuka, na leo alikuwa apikie sufuria kubwa la msikitini, pilau la dua ya askari wenzake Baba ambao hawakurudi kutoka vita vya Kagera. Watu waliambiwa wafike baada ya alasiri.

"Kaniletee chuma cha babu yako," akasema. "Kimo chake kinatosha."

Chuma cha babu alikiibua babu mwenyewe kwa jembe shambani, kabla Baba hajazaliwa. Miaka yote kimezuia mlango wa ghala. Ni kifupi, kinene, kimechongoka upande mmoja, na kiunoni kina mshipi wa shaba. Nikiwa mdogo nilikuwa nausugua kwa majivu ung'ae. Leo nilikibeba kiunoni kwangu, nimekizungushia kanga, kama mtoto. Nikakisimamisha pamoja na mawe mawili na kukitikisa nione kama kimekaa imara.

Nilikiweka mimi. Liandikwe hivyo.

Saa mbili tuliondoka kwenda Korogwe: Baba, kaka yangu Hoza aliyekuwa akiendesha gari la kuazima, na mimi. Pale Kilole kuna vyumba viwili vya makumbusho ya vita, anavitunza mwalimu mstaafu, na kwa sababu ya Siku ya Mashujaa iliyokuwa jana aliwaalika askari wazee waje na familia zao. Baba alivaa koti lake la suti na kubandika nishani.

Mzee mmoja wa kikosi chake alimwona tangu mlangoni.

"Ahaa, kamanda wa maharage! Kumbe bado upo?"

"Nipo. Na wewe umezeeka kwa maharage yangu."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilitazama chini. Baba alikwenda vitani akiwa mpishi, na shuleni niliwaambia wenzangu kwamba alikuwa mpiga mizinga. Sijawahi kumwambia. Kwenye kitabu cha wageni palikuwa na jina, kikosi, kazi. Akaandika "Mpishi" kwa herufi kubwa, bila haraka. Watoto wakawapa wazee maua, tukasimama kimya kwa ajili ya waliokufa.

Chumba cha pili ni cha vita vya Wajerumani na Waingereza, vilivyopita huku kwetu Handeni. Katikati pana meza ya kioo. Ndani yake kulikuwa na chuma kifupi, kinene, kimechongoka upande mmoja, na kiunoni mshipi wa shaba.

Nilisoma kibao mara mbili. *Kombora la mzinga. Lilipatikana shambani likiwa halijalipuka. Wataalamu wameliondolea baruti.*

Nilipogeuka, Baba naye alikuwa anakitazama. Uso ulikuwa umemkauka.

"Baba, kile chuma," nikasema. "Mama amekifanya figa."

Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Moto ungewashwa saa nane.

Simu ya Mama haikupatikana. Kwetu mtandao unashikika kichuguuni tu, nyuma ya shamba. Ya jirani iliita bila kupokewa. Ulikuwa wakati wa swala ya adhuhuri. Tukapanda gari, Hoza akaliendesha kwa kasi. Nilipiga mara kumi na tisa, nimehesabu. Baba alikaa mbele, nishani ikigonga kifungo cha koti kila tulipopita kwenye tuta. Mara moja tu alisema, kama anajiambia mwenyewe, "Kitu ulichokikuta utotoni hukiulizi."

Tulipokata kona ya nyumbani tuliona moshi.

Mama alikuwa ameanza mapema, nyama ilikuwa ngumu. Sufuria lilikuwa juu, jirani zake wawili wanakata vitunguu, wanacheka.

Baba alishuka gari halijasimama vizuri. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile.

"Nyote tokeni! Mwanaidi, mchukue mama yako. Hoza, watu wote nyuma ya kichuguu, walale chini!"

"Na pilau langu?" Mama akauliza.

"Mke wangu, leo jikoni ni zamu yangu."

Niliwahi ndoo ya maji. Akaninyang'anya. "Chuma cha moto hakimwagiwi maji."

Kutoka kichuguuni nilimwona. Alivua koti. Akapiga goti mbele ya moto na kuanza kuvuta kuni, moja baada ya moja, ndefu kwanza, taratibu, pasipo hata moja kugusa figa. Kisha akakokota makaa kwa mpini wa jembe kwenda upande wa mawe. Sufuria halikutikisika. Nikaelewa nilichokuwa nakiona: mpishi wa jeshi anaua moto bila kumwaga chakula cha watu.

Akatujia kwa mwendo wa kawaida. Alipofika akakaa chini.

"Shikamoo, Baba," nilisema. Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

Polisi wamepigiwa. Wameagiza mtu asisogee. Wataalamu watafika kesho. Nyumba yetu iko tupu. Kutoka hapa nilipoketi naona sufuria bado limesimama juu ya mafiga yake matatu, na hakuna anayejua chuma kile kinafikiria nini kinapopoa.

Dua tumesoma hapa kwa jirani, kwa chai na mihogo. Baba alipomaliza kutaja majina ya wenzake, Mama aliinua kichwa.

"Babu yenu aliibua viwili," akasema. "Kimoja alimpa shangazi yenu alipoolewa Mazingara. Cha kuanzia jiko."

Shangazi alifariki zamani. Vyombo vyake viligawanywa kwa majirani, na hakuna anayekumbuka nani alichukua nini.

Nimeshaandika orodha ya nyumba ninazozijua. Kesho, kabla watu hawajawasha moto wa chai, niwe nimefika Mazingara.