Mashine ya Kupita Kati ya Vichuguu

Jumatatu, 5 Mei
Grisi kwenye trekta. Chujio la dizeli, safi. Ugali wa uwele na mlenda, sahani mbili. Trekta imewaka nilipogusa tu ufunguo. Inamjua bwana wake.

Baba amesema tunanunua mashine ya kukatia majani, ya kufunga nyuma ya trekta. Majani mbugani yamefika kiunoni. Tumezuia ng'ombe wasiingie humo tangu mvua za kwanza, ili tuyakate na kuyaweka. Kiangazi kilichopita malisho yalituishia. Ng'ombe sita wakafa. Tulikuwa tunawasimamisha kwa kuwavuta mkia. Sitaki kuona tena.

Mjomba Yona, kaka yake mama, ameshachagua mashine. Mtu ambaye hata toroli linamshinda.

Jumatano, 7 Mei
Mjomba anataka ile pana, futi tisa, aliyoiona ikinyoa uwanja wa mpira Ipagala. Inapita chini kabisa, nyasi zinabaki kama zulia. Sawa. Ila uwanja wa mpira hauna visiki. Hapa kwetu Hombolo kuna visiki, mawe, na vichuguu kila unapogeuka. Nikasema hivyo.

Akanicheka mbele ya wote. "Kidato cha pili kilikutapika, leo wewe injinia?"

Nikamjibu, "Shikamoo mjomba. Kichuguu hakiulizi cheti."

Baba akanikata jicho. Bibi akakohoa. Alikuwa anacheka, namjua.

Alhamisi, 8 Mei
Mjomba kaja na dawa: vichuguu visawazishwe. Vyote.

Hapo kakanyaga moto. Vile ni vya bibi. Kichuguu kina mwenyewe, kama shamba. Mvua zikianza yeye ndiye anayetega kumbikumbi pale, na hakuna jirani anayegusa bila ruhusa yake. Bibi hakupiga kelele. Alisema tu, "Haya Yona, anza na kile alichoniachia mama yangu. Nikuone."

Nikasimama, nikasema mashine nachagua mimi. Baba akasema sawa, lakini ikishindwa kazi, trekta nashuka, anakuja dereva wa kukodi. Nikasema sawa. Kwa sauti kubwa.

Ijumaa, 9 Mei
Nimechukua kamba ya ng'ombe, nimeipiga fundo kila futi moja, nimepima nafasi kati ya vichuguu. Nyembamba kuliko zote ni futi saba. Mjomba na futi tisa zake akalale. Nachukua ya futi tano, nipite huku napiga mluzi.

Kichwa hiki jamani.

Jumamosi, 10 Mei
Mjini na baba, uani kwa muuza mashine. Nimeikuta. Futi tano, nzito, visu vyake vinacheza kwenye pini. Vikigonga kisiki vinajikunja kwa ndani, halafu vinarudi. Nikainyooshea kidole kama waziri.

Muuzaji akauliza: trekta yenu ina upana gani, tairi la nyuma mpaka tairi la nyuma?

Nimepima vichuguu vyote, sikupima trekta ninayoipanda kila siku. Baba akaanza kusogea kwenye ile pana, ya futi tisa kama ya mjomba. Nikampigia bibi simu, akapima kwa kamba yangu. Futi sita. Ningenunua ya futi tano, matairi yangekuwa yanalaza majani pande zote mbili bila kukatwa. Aibu. Aibu kabisa. Tukachukua ya futi sita na nusu, visu vya namna ileile.

Mjomba hatajua. Bibi hasemi.

Jumanne, 13 Mei
Tumekata. Watu wamejaa, mpaka wasio na ng'ombe. Mjomba kaja na kiti chake, mguu juu ya mguu.

Kwenye ile nafasi ya futi saba nimepita, vidole vitatu vimebaki kila upande. Sikupumua. Mzunguko wa nne, paa! Kisiki. Mashine ikaruka. Nikajua nimekwisha. Visu vikajikunja, vikarudi, vikaendelea kula majani.

Nikageuza trekta makusudi, nikaizima mbele ya kiti cha mjomba. Akasema majani yamekatika ovyo, marefu kwa mafupi. Nikamwambia ng'ombe hachani majani kwa kitana. Watu hoi kwa kicheko. Mwisho naye akacheka, mbishi yule.

Jumamosi, 17 Mei
Majani yamekauka. Yamefungwa. Banda limejaa mpaka juu.

Kuzunguka vichuguu mashine haifiki. Leo nimeshika fyekeo, kimoja baada ya kingine. Jua kali, mgongo moto. Sikumwita mtu.

Baada ya cha tatu baba akaja na fyekeo lake. Akaanza upande wa pili. Kuhusu dereva wa kukodi hakusema kitu, nami sikuuliza. Tukakutana katikati, tukajifuta jasho, tukahamia kingine.