Jiwe la Kichwani kwa Andongwisye

Alhamisi, 4 Septemba 2025
Niliishia wapi jana, shoga yangu Biubwa alivyokuja kunikatisha — ah, sumaku! Yule dada Prisca, mtaalamu wa mawe kutoka Mbeya, kaigusisha kwenye lile jiwe la kichwani kwenye kaburi la mume wangu, huko migombani. Haikushika! Amri fundi baiskeli kacheka: kimondo cha Mbozi chuma kitupu, hili lako mama Jacob ni la mlima Rungwe tu, tunayo mpaka chooni. Prisca hakucheka. Kasema ndiyo maana — ona ganda lilivyoungua, ona mabaka meupe ndani. Huenda limetoka mwezini, mawe ya huko chuma chake kidogo. Mwezini! Mimi na Biubwa tulicheka mpaka machozi. Jiwe nalo linaingia mwezini!

Ijumaa, 5 Septemba
Anataka kwenda nalo wakalikate kipande. Mdomo wangu huu! Nisingemsimulia Biubwa dukani kwake kwamba marehemu Andongwisye alilikuta shambani limevunja mgomba, nani angejua? Ila lingine sikumwambia mtu. Alivyozidiwa na homa alisema, Kasuku — yeye tu aliniita hivyo, kwa maneno yangu mengi — nikifa niwekee lile jiwe, asiliondoe mtu. Ndilo litanishika chini.
Nimeona aibu kumkatalia mgeni. Nikasema chukua, ila urudishe. Kalinyanyua. Udongo chini yake wa moto, kama jikoni.

Jumamosi, 6 Septemba
Prisca kapiga simu. Wamelikata! Dalili zote za mwezini, bado vipimo vikubwa. Linarudi Jumatatu. Nimeshatangaza mpaka Kawetele, mimi tena! Ila kuku wamegoma kwenda migombani. Na Esnath jirani kauliza, mama Jacob, nani yule anapalilia kwenu alfajiri? Nikamwambia kibarua.
Sina kibarua.

Jumapili, 7 Septemba
Kesho si mbali. Kanisani walitangaza mwezi utapatwa leo. Saa moja na nusu hii — kweli, umeanza kumegeka pembeni, kama walivyolimega lile jiwe. Niko peke yangu. Naandika nisisikilize. Majani ya migomba yanachakarika, upepo hakuna.
Kuna mtu anaita.
Esnath huyo. Anataka chumvi, kama kawaida yake.
Kasuku!
Esnath hanijui kwa jina hilo.
Kasuku! — mlangoni kabisa sasa.
Jamani, mdomo wangu huu. Nimeshaitika abee